Karatasi ya Sababu: Ninavyofundisha Maamuzi ya Kimkakati kwa Michezo ya Vikundi

Kwa miaka mingi nilikuwa nikieleza ubaoni maana ya uamuzi wa kimkakati, yaani uamuzi ambao matokeo yake hayategemei unachochagua wewe peke yako bali pia wanachochagua wengine, nao wanafunzi wakinakili maelezo hayo na kuyarudia kwenye mtihani bila kosa. Nilipoanza kuwachezesha ndipo nilipotambua kwamba walikuwa wameikariri fasili tu, kwani katika mchezo wa kwanza karibu kila mmoja aliamua kana kwamba yuko peke yake darasani.

Mchezo ninaoshauri kuanza nao hauhitaji chochote isipokuwa vipande vya karatasi. Kila kikundi huandika namba kati ya 0 na 100, na mshindi ni kile ambacho namba yake inakaribia zaidi theluthi mbili ya wastani wa namba zote. Anayedhani wenzake wataandika ovyo hukadiria wastani wa 50, kisha huandika 33. Anayedhani kwamba wenzake nao wamefikia 33 huandika 22. Na anayeendelea na hesabu hiyo hadi mwisho hufika 0. Rosemarie Nagel, mtafiti wa uchumi aliyechapisha majaribio ya mchezo huu mwaka 1995, alionyesha kwamba watu wengi huishia hatua ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo kikundi kinachoandika 0 katika raundi ya kwanza kwa kawaida hushindwa, ingawa hesabu yake haina dosari, na hapo ndipo wanafunzi huanza kuuliza swali lenyewe: wenzetu wamefikiri hadi wapi?

Mchezo ninaoupenda zaidi, na ambao huupa kipindi kizima, ni ule wa mfuko wa pamoja. Wanafunzi hukaa watano watano, kila mmoja hupewa pointi 10 katika kila raundi, na kwa siri huamua ni ngapi ataziweka mfukoni na ngapi atabaki nazo. Pointi zilizomo mfukoni huzidishwa mara mbili, kisha hugawanywa sawasawa kwa wote watano, akiwemo yule ambaye hakuchangia kitu. Wote wakitoa kila walicho nacho, kila mmoja hupata 20. Mmoja akizuia zake ilhali wanne wametoa zote, yeye hupata 26 na wenzake 16. Ninawataka wapige hesabu hii wenyewe kabla ya kuanza, maana nikiwapigia mimi huichukulia kama kanuni ya mwalimu na si kama mtego walio ndani yake. Katika madarasa yangu raundi ya kwanza huwa na ukarimu, ya pili huleta mashaka, na kufikia ya nne mfuko huwa umekaribia kukauka. Hapo huwaruhusu wazungumze kwa dakika tatu. Michango hupanda tena mara nyingi, ila yupo anayeahidi na asitimize, na mjadala unaofuata juu ya ahadi isiyo na dhamana huwa mzito kuliko somo lolote nililowahi kuliandaa.

Usitangaze raundi ya mwisho ni ipi. Wanafunzi wakiijua, huacha kushirikiana mapema, kwa sababu hakuna tena kesho ya kuilinda. Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alipoandaa mashindano mawili ya programu za kompyuta zilizocheza kwa kurudiarudia mtanziko wa wafungwa, yaani mchezo wa wawili ambapo kila mmoja huchagua kushirikiana na mwenzake au kumsaliti, na usaliti humfaa kila mmoja ingawa wote wakisaliti hupata hasara, iliyoshinda mara zote mbili ilikuwa programu fupi ya Anatol Rapoport, ambayo ilianza kwa kushirikiana na baadaye ikatenda kama mwenzake alivyotenda katika raundi iliyotangulia. Mkakati wa namna hiyo huwa na maana pale tu ambapo wachezaji watakutana tena.

Kosa langu kubwa mwanzoni lilikuwa kutangaza mshindi, kupiga makofi na kufunga kipindi. Wanafunzi walikumbuka nani alishinda, si kwa nini. Siku hizi kila mmoja hujaza karatasi ya sababu kabla matokeo hayajajulikana: ameamua nini, anatarajia wenzake wataamua nini, na kwa sababu gani. Tukizisoma baadaye, hugundua kwamba kuna aliyeshinda kwa bahati na aliyeshindwa akiwa amefikiri vyema, na mjadala huo huupa muda sawa na mchezo wenyewe. Pointi hizi kamwe siziunganishi na alama za mtihani, kwani woga wa kufeli humfanya mtoto acheze ili amridhishe mwalimu.

Wakati mmoja nilisoma michango kwa majina, na mvulana aliyeweka 0 akaitwa mbinafsi mbele ya wote. Karatasi yake ilisema alitarajia wenzake wasiweke chochote, na kweli wawili kati yao hawakuweka. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, na tangu siku hiyo hukusanya karatasi zote, huzichanganya, na kuzisoma bila majina.