Imani ya kuazima

Wiki ambayo mume wangu alianza kusafishwa damu, tuliletewa mikungu mitatu ya ndizi. Mmoja ulitoka kwa jirani, mmoja jumuiya, na wa tatu uliteremka na gari kutoka Kibosho kwa shangazi yake, umefungwa vizuri na majani yake. Sisi ni watu wa Moshi. Huku mtu akiumwa anapelekewa ndizi, akijifungua mtori, akifiwa ndizi tena. Bahati mbaya siku mbili kabla ya hapo mtaalamu wa lishe alikuwa ametukalisha chini: figo zikishindwa kazi, madini ya potasiamu yanabaki kwenye damu, na yakizidi yanaweza kuusimamisha moyo. Ndizi zimejaa potasiamu. Basi nikasimama jikoni nikiangalia upendo wa watu umelala sakafuni, na mgonjwa wangu hawezi kuugusa.

Nimeikumbuka ile mikungu mara nyingi, maana maneno ya faraja niliyoletewa mwaka ule mengi yalikuwa ya aina hiyohiyo. "Ongeza imani, mama." "Mungu ana makusudi yake." "Usilie, shetani atafurahi." Waliosema walinipenda kweli, wengine walipanda daladala mbili kuja kuyasema. Ila kwa mtu niliyekuwa siku zile, yalikuwa sumu. Kama uko kwenye shida sasa hivi, ushauri wangu wa kwanza ni huu: pokea kwa mikono miwili, shukuru, halafu usile. Huna deni la kuamini kila kinacholetwa mlangoni kwako kwa jina la Yesu.

Ratiba yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa 4 kila mara kwenye mashine. Kwa mwaka ni mara 156 hivi. Mwanzoni nilikwenda kama askari. Nilikuwa na Biblia, daftari na ratiba ya kufunga, tena niliwaombea hadi wagonjwa wa vitanda vya pembeni. Mwezi wa tatu wa mashine nikakauka. Nikifumba macho niombe naona hesabu tu: nauli, vipimo, sindano ya kuongeza damu, ada ya mtoto. Jumapili bado nilisimama na kwaya, sauti ya pili, kinywa kikaenda chenyewe. Aliyeniuliza "mnaendeleaje?" nilimjibu "tunamshukuru Mungu" kabla hajamaliza kuuliza.

Katikati ya ukame huo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linanitia haya. Nilipanda gari nikaenda kwa mtumishi mmoja niliyeelekezwa na rafiki. Sikumwambia mume wangu, wala mchungaji. Nikapanda mbegu, kama wanavyosema, kwa hela ya dawa za wiki mbili. Nikarudi na chupa ya maji ya upako ya lita moja na nusu, maelekezo mgonjwa ainywe yote ndani ya siku moja. Mume wangu aliigeuzageuza ile chupa mkononi. Daktari alikuwa amempa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humo humo, na tulikuwa tunampimia kwa kikombe kidogo cha bati. Akasema, "Huyu mtumishi angemuuliza Mungu kwanza napimiwa kiasi gani." Tukacheka mpaka nikalia. Jioni aliniomba nimwoshee miguu kwa yale maji, yasipotee bure.

Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa injili, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Miaka yote nilikuwa nawasema: watu wazima, wanakimbilia mafuta! Tangu ile chupa, siwasemi tena. Mtu aliyechoka haendi pale kwa ujinga, anakwenda kwa sababu kuna aliyemwahidi tarehe ya kupona. Ukiona moyo wako umeanza kutafuta tarehe, mwambie mtu mmoja kabla hujatoa hela. Mimi ningemwambia mume wangu tu, ningebaki na dawa za wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata baada ya ile chupa nilikwenda jumuiya kwa sababu ilikuwa zamu ya nyumba ya jirani na nisingeweza kujificha. Mzee wa kanisa akauliza lile swali la kila siku. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Sijaomba kama wiki tatu. Siwezi." Watu wakatazama chini. Mmoja akaanza kufungua Biblia, nadhani alitaka kunitafutia mstari. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akamwekea mkono juu ya kitabu. Akaniambia, "Basi wewe kaa, mwanangu. Sisi tutaomba, wewe utaitikia amina. Na amina ikikushinda, kaa tu."

Nikakaa tu. Sikuitikia amina siku ile, wala iliyofuata.

Baadaye nilirudia Marko 2, habari ya yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini. Nimeifundisha Sunday school mara ngapi, na sikuwahi kuona kwamba mgonjwa mwenyewe hasemi neno. Wanne wamembeba, wametoboa dari la watu, na Marko anaandika kwamba Yesu "alipoiona imani yao" ndipo akasema. Yao. Labda yule mtu juu ya godoro alikuwa na imani kubwa, labda alikuwa amekauka kama mimi na hata hakutaka kubebwa siku hiyo. Marko hakuona haja ya kutuambia.

Kwa hiyo nikimkuta mtu aliyezama, simwambii tena aongeze bidii ya maombi. Namwuliza nani wanne wake. Wengi hawafiki wanne. Mimi nilikuwa na wawili, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kuchelewa. Wanatosha. Waambie ukweli, tena kwa maneno ya kawaida, "sina nguvu ya kuomba," siyo "mniombee kidogo" ile ya adabu ambayo haisemi kitu. Halafu endelea kukaa mahali wanapoombea, hata nyuma kabisa.

Siku za peke yako, azima maneno pia. Niliacha kutunga sala. Baba Yetu inaisha kabla daladala haijatoka kituo kimoja kwenda kingine, na nilikuwa naisema mara moja asubuhi, basi. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu na inaanza kwa kulalamika: "Ee BWANA, hata lini?" Niliiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Zaburi ya 88 ni kali zaidi, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna hata ule mstari wa mwisho wa sifa tuliouzoea. Walioikusanya Biblia wakaiacha hivyo hivyo. Mume wangu aliipenda hiyo, alisema angalau huyu hadanganyi.

Na lala. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwambia ainuke ale, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili.

Huu ni mwaka wetu wa pili kwenye mashine. Sala zangu zimerudi, fupi kuliko zamani. Juzi Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada kama kawaida, vitu vya sadaka vimepangwa nje: mbogamboga, jogoo mmoja mkorofi, trei ya mayai. Yule bibi wa mlangoni akang'ang'ania ile trei na baba mmoja wa kwaya mpaka bei ikapita ya dukani mara mbili. Jioni akaja nayo nyumbani kichwani. Akasema amemuuliza mjukuu wake ambaye ni nesi, akaambiwa watu wa mashine wanahitaji protini, wapewe mayai, ila ule ute mweupe, kiini waache. "Ndizi zile," akasema, "mngetuambia."

Mume wangu alikula ute wa mayai mawili usiku ule. Viini anamalizia mtoto wetu wa mwisho, na sare ya shule imeanza kumbana.