Mahindi ya watoto wa nguruwe: kupika, kusaga laini au kuparaza?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe Kibosho, Moshi. Watoto nawaachisha kunyonya wakiwa na wiki sita. Hazipiti siku nne wanaanza kuharisha, wanadumaa, na kwenye kinyesi naona vipande vya mahindi. Jirani anasema nipike uji. Mwenye mashine anasema nisage laini kama unga wa ugali. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, dada. Anza na hicho kinyesi ulichokiona. Chukua kidogo, kioshe kwa maji kwenye chujio kuukuu. Vikibaki vipande vigumu vya mahindi, umeparaza makubwa mno. Yakibaki maganda matupu, basi pumba zimezidi, na hapo hata ukipika mchana kutwa hutapona hasara. Tumbo la mtoto wa nguruwe haliwezi pumba nyingi, wala machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi. Hayo wape wakubwa.

Sasa uji. Mtoto anayenyonya ana vimeng'enya vingi vya kumeng'enya maziwa, lakini vya kuvunja wanga wa nafaka bado ni haba. Akiachishwa hushinda bila kula vizuri siku moja au mbili, na vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinasinyaa. Ndipo anapokutana na mahindi makavu. Wanga usiovunjwa unateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, naye anaharisha.

Mahindi yakipata maji ya kutosha na moto wa nyuzijoto 70 na zaidi, chembe za wanga huvimba na kupasuka, na vimeng'enya vichache alivyonavyo vinaweza kuzifikia. Kwa hiyo jirani yako hakukosea. Ila faida hiyo ni ya wiki mbili hivi za mwanzo. Baada ya hapo vimeng'enya huongezeka, na mahindi yasiyopikwa, yaliyosagwa vizuri, yanamtosha. Nawaona wafugaji wanaopika mpaka nguruwe ana miezi minne. Kwa bei ya kuni za sasa, hiyo fedha ingenunua dagaa.

Ukipika, uji uwe mzito. Uji mwepesi unamjaza maji na uzito hauongezeki. Upoe hadi uvuguvugu ndipo uchanganye soya, dagaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), maana vitamini nyingine huharibika kwa moto. Wape kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na kilichobaki kitoe horini kabla hakijachacha. Soya ndiyo ya kukaangwa siku zote, kwa nguruwe wa umri wowote: ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia umeng'enyaji wa protini, na hili nalihimiza kuliko uji wenyewe. Usiiunguze lakini. Ikiwa nyeusi, protini yake imeshaharibika.

Kuhusu mashine, mwambie aweke chekeche ya matundu ya milimita 3. Tunachotafuta ni chembe za wastani wa milimita 0.6 au 0.7, ukizisugua kati ya vidole uhisi mchanga, si poda. Chembe ndogo zinameng'enywa vizuri zaidi, hilo mwenye mashine amesema kweli. Lakini unga laini kama wa ugali unatimua vumbi, unagandamana mdomoni, na kwa nguruwe wanaoendelea kukua unaleta vidonda vya tumbo. Nguruwe mwenye vidonda hivyo anapauka, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, na wakati mwingine anakufa ghafla.

Jambo moja halitibiwi na mashine wala moto: mahindi yenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu huo, haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 ilipoteza maisha ya watu Dodoma na Manyara, na hao walikula chakula kilichopikwa. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape watoto, hata kama umeuziwa kwa bei ya kutupa.

Kwa kundi lijalo, anza kuwaonjesha uji huo wakiwa bado wananyonya, wiki mbili kabla ya kuwaachisha, kwenye kona ambayo mama yao hafiki. Tumbo linapata muda wa kuzoea. Hawa wanaoharisha sasa, wape maji safi muda wote na punguza chakula kwa siku moja. Wakiendelea kuhara siku ya pili, au ukiona damu au homa, muite daktari wa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Hapo si suala la mahindi tena.