Wasomaji Wanauliza: Albamu ya metali ya Kikristo iliyokosa rafu ya kukaa

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amenisikilizisha albamu iitwayo "Dimensions", ya mwaka 1993, iliyopigwa na bendi ya Kimarekani ya metali (roki nzito ya magitaa) iitwayo Believer, na anashikilia kwamba ni muziki wa Kikristo. Mimi ni mwanakwaya wa miaka mingi. Nilisikia kelele za magitaa, kisha ghafla fidla na mama anayeimba soprano safi kabisa, kisha kelele tena. Hawa ni akina nani, na kwa nini vijana wa leo wanaifukua albamu ambayo wakati wake haikuvuma? — Mwanakwaya, Dodoma

JIBU: Ndugu Mwanakwaya, kijana wako hakukudanganya. Believer ilianzishwa mwaka 1986 huko Colebrook, eneo la mashambani katika jimbo la Pennsylvania, na nguzo zake mbili tangu mwanzo ni Kurt Bachman, anayepiga gitaa na kuimba, na Joey Daub, mpiga dramu. Albamu yao ya kwanza, "Extraction from Mortality", ilitoka mwaka 1989 na ilikuwa metali ya kasi ya kawaida kwa kiasi kikubwa, ingawa ujumbe wake ulikuwa wazi: wimbo mmoja unaushambulia unafiki, na mwingine, "Not Even One", una jina linalomrudisha msomaji wa Biblia moja kwa moja kwenye Warumi 3:10, "Hakuna mwenye haki hata mmoja." Mwaka 1990 ikafuata "Sanity Obscure", na mwaka 1993 hiyo uliyoisikia.

Yule mama ni Julianne Laird, na fidla ni ya Scott Laird. Wawili hao walikwisha kusikika katika albamu ya pili, kwenye wimbo uitwao "Dies Irae", ambao maneno yake ya Kilatini Wakatoliki wenye umri wanayakumbuka, kwa kuwa yalikuwa yakiimbwa katika Misa ya wafu kabla ya mageuzi ya liturjia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kuunganisha soprano, fidla na magitaa mazito ndani ya wimbo mmoja, tena mwaka 1990, lilikuwa jambo ambalo karibu hakuna bendi ya metali iliyokuwa imelifanya kwa uzito huo. Bendi za Ulaya zilizojenga jina kwa mtindo huo zilikuja kusikika sana miaka kadhaa baadaye.

Katika "Dimensions" wazo hilo limetanuliwa hadi likawa utungo wa takriban dakika 20, "Trilogy of Knowledge", wenye utangulizi na sehemu tatu ambazo majina yake ni Uongo, Ukweli na Ufunguo. Mwanakwaya ataelewa haraka kinachofanyika humo akijaribu kuhesabu mapigo: utaanza moja, mbili, tatu, nne kama ulivyozoea, na kabla hujatulia utakuta pigo limeongezwa au limekatwa, na dramu zimekwenda na hesabu mpya wakati mguu wako bado uko kwenye ile ya zamani. Hiyo ndiyo metali ya progresivu, yaani muziki wa wapigaji wasiotaka wimbo urudi mara kwa mara kwenye kiitikio kilekile. Kwa maoni yangu fidla hazikuwekwa pale kama pambo, kwa sababu ukiziondoa utungo wenyewe unabaki na mashimo.

Sasa, kwa nini haikuvuma? Wengi husema ilikuwa ngumu mno kueleweka. Mimi naona sababu kubwa ilikuwa duka. Wakati huo Marekani muziki wa Kikristo uliuzwa zaidi katika maduka ya vitabu vya Kikristo, na kampuni ya kurekodi muziki ya R.E.X. ndiyo iliyoifikisha Believer huko. Kampuni ya Roadrunner nayo iliipeleka kwenye maduka ya kawaida ya metali. Kwa maneno mengine, albamu moja ilikuwa na milango miwili, na katika kila mlango ilikuta mashaka. Mzazi aliyeingia duka la vitabu kumtafutia mwanawe kaseti aliogopa sauti ile, na kijana wa metali aliyesikia kwamba wapigaji ni Wakristo alidhani atahubiriwa, akairudisha rafuni kabla ya kuisikiliza.

Mwaka wenyewe nao ulikuwa mbaya. Mwaka huohuo wa 1993 bendi za Florida zilitoa kazi za namna hiyohiyo, Cynic ikitoa "Focus" na Atheist ikitoa "Elements", na hazikuwa na mzigo wowote wa dini, lakini nazo zilivunjika muda mfupi baadaye, kwa kuwa soko la metali ngumu lilikuwa limepungua na masikio ya vijana yamehamia kwenye roki ya mji wa Seattle, iitwayo grunge. Believer ilisambaratika mwaka 1994, na R.E.X. nayo ikafa katikati ya muongo huo.

Rafu ndiyo iliyoizika, na kutoweka kwa rafu ndiko kulikoifufua. Msikilizaji wa leo aliyeingia kwa Cynic mtandaoni hupelekwa hadi Believer bila kupita duka la dini wala duka la metali, na huisikia kabla ya kuulizwa anaamini nini.

SWALI: Mhariri, sauti ile ya kukwaruza koo ya mwimbaji wa Believer inawezaje kumtukuza Mungu? — Mzee wa Kanisa, Mbeya

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Sitakushawishi uipende; mimi mwenyewe siwezi kuisikiliza asubuhi. Naomba tu usiihukumu kwa koo peke yake. Maneno ya "Dimensions" yanajibizana na watu kama mwanafalsafa Mjerumani Ludwig Feuerbach, aliyefundisha kwamba binadamu ndiye aliyemuumba Mungu kwa mfano wake, na vilevile na mtaalamu wa nafsi Sigmund Freud, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre na mwanafizikia Stephen Hawking. Ni nyimbo chache sana za injili, za kwetu au za kwao, zinazothubutu kumpa mpinzani nafasi ya kusema hoja yake kabla ya kumjibu. Hoja ya namna hiyo ikiimbwa kwa sauti laini ingeonekana mchezo.

SWALI: Nianzie wapi, na je, bendi ipo? — Msikilizaji, Nakuru

JIBU: Anza na "Dies Irae" peke yake. Usiisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu fidla zitazama chini ya magitaa na utabaki na zile kelele alizosikia Mwanakwaya wetu. Ukiimaliza ukiwa bado una hamu, tenga muda wa "Trilogy of Knowledge" yote kwa mkupuo mmoja, maana sehemu zake zikikatwakatwa hazina maana. Bachman na Daub waliirudisha bendi mwaka 2005, wakatoa "Gabriel" mwaka 2009 na "Transhuman" mwaka 2011, zote kupitia kampuni ya Metal Blade. Ni kazi nzuri, hasa ya kwanza, ila binafsi nakushauri uzifikie baada ya zile za miaka ya 1990.