Simu Moja, Darasa Zima: Kwa Mwalimu Mpya Anayetafuta Zana za Bure

Kabla hujajisajili popote, hesabu simu zilizomo darasani mwako. Kama umepangiwa shule ya serikali hapa Mombasa, iwe Kisauni, Changamwe au ng'ambo ya Likoni, jibu ni moja: yako. Wanafunzi hawaji na simu shuleni, na nyumbani simu ni ya mama, naye anatoka nayo asubuhi na kurudi nayo usiku. Ukishalikubali hilo, nusu ya zile orodha za zana za bure kwa walimu zinazozunguka mitandaoni zinaanguka zenyewe. Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, ni tamu, lakini utamu wake unataka kila mtoto, au angalau kila kundi, liwe na kifaa. Google Classroom, darasa la mtandaoni la kugawia na kukusanya kazi, inafaa pale penye chumba cha kompyuta kinachofanya kazi. Sisi wengine tuanze na zana inayodai kifaa cha mwalimu peke yake.

Kwa hiyo mwalimu anayeingia idara yetu ya sayansi namwelekeza kwanza kwenye Plickers, programu ya simu inayosoma majibu ya wanafunzi kwenye kadi. Unachapisha kadi za karatasi, kila moja ina mchoro mweusi wa miraba usiofanana na mwingine, na pande zake nne zina herufi A, B, C na D. Unauliza swali, mtoto anazungusha kadi hadi herufi ya jibu lake ikae juu, kisha anaiinua. Wewe unapitisha kamera ya simu polepole kama mpiga video wa harusi, na majibu yanaingia mtoto kwa mtoto. Kuna seti ya kadi 40 na nyingine ya 63, kwa hiyo hata madarasa yetu yaliyofurika yanaenea. Herufi ni ndogo makusudi, na kwa kuwa michoro haifanani, kumchungulia jirani hakumfaidi mtu.

Faida yake utaiona kwenye swali kama hili: feri ya Likoni ni chuma, imebeba malori na umati wa watu, mbona haizami? Ukiuliza kwa kuinua mikono, darasa litamtazama yule hodari wa mstari wa mbele. Mkono wake ukipanda, na wao wanapandisha. Kwa kadi, nilikuta sehemu kubwa ya darasa imechagua kwamba injini ndiyo inayoishikilia juu. Jibu hilo lina mantiki yake ukiwa mtoto unayesikia mngurumo wa injini kila unapovuka, ila si sahihi, na mikono isingelifichua kamwe. Basi kipindi kilichofuata hakikuhitaji teknolojia yoyote: ndoo ya maji, msumari na sufuria. Msumari ukazama, sufuria ikaelea bila injini. Tukaongeza mawe ndani yake moja moja, ikazidi kudidimia na maji ya ndoo yakazidi kupanda, mpaka wenyewe wakaanza kusema kuwa chombo kinaelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Swali lile lile likarudi kwenye kadi, na safari hii injini haikupata wafuasi wengi.

Mambo madogo ya kadi hizo. Usizifanyie lamineti ya kung'aa; mwanga wa madirisha yetu mchana unazipiga na kamera haisomi. Zibandike kwenye kipande cha boksi la sabuni, zitadumu. Wafundishe watoto kushika pembezoni, maana kidole kikifunika weusi, kadi haitambuliki. Toleo la bure linaweka kikomo cha maswali katika kila seti, nami naona ni afadhali hivyo. Kipindi ni dakika 40, na maswali matatu mazuri yanatosha. Kazi ngumu ni kuyatunga: majibu yasiyo sahihi yatoke kwenye makosa halisi uliyoyaona madaftarini. Ukiyabuni ya mzaha, watoto watapata yote na wewe hutajua lolote.

Alama ndizo zinazotumaliza walimu. Unaziandika kwenye karatasi ya mtihani, kwenye kitabu chako, kwenye fomu ya mwalimu wa darasa, na msimu wa tathmini za KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ukifika, unazipeleka tena mtandaoni. Ziingize mara moja tu, kwenye Google Sheets, programu ya majedwali, na faili uiruhusu ifunguke bila intaneti. Wageni wengi huandika jumla peke yake. Wewe mpe kila swali safu yake, 1 kwa aliyepata na 0 kwa aliyekosa, na chini ya kila safu weka fomula ya AVERAGE. Ukiona 0.2 chini ya swali la saba, unajua cha kurudia Jumatatu. Fomula ya IF nayo itakupangia viwango, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, bila wewe kukodoa macho usiku.

Kuhusu bando: tafuta vitu unavyopakua mara moja. Maigizo ya sayansi ya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, yanapakuliwa kama faili na kufunguka kwenye kivinjari hata intaneti ya shule ikiwa imekatika, mradi kompyuta ina chaji. Kwa kusoma, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye ruhusa ya kuchapishwa. Kama shule ina vishikwambi vilivyolala kabatini, muulize anayejua kompyuta kuhusu Kolibri. Inagawa masomo kutoka kompyuta moja bila intaneti.

Programu za kupangia kazi, akina Trello na Notion, sina ugomvi nazo, lakini maazimio ya kazi unayo tayari na andalio la somo unalo, na mwalimu mkuu akija kukagua, atakagua hayo. Na tovuti yoyote inayoomba kadi ya benki ili ujaribu bure, ifunge.

Majina kamili ya watoto yaache nje ya zana hizi. Nambari ya usajili inatosha. Picha zao ndiyo usiziguse bila idhini ya mzazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilo hilo.

La mwisho ni nafasi. Google inakupa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na faili, na kwa simu za Android nakala za WhatsApp nazo zinaingia humo. Video za kundi la wazazi zitaijaza kabla ya muhula kwisha, na akaunti ikishajaa hutapakia faili mpya. Zima video kwenye nakala za WhatsApp. Faili za alama ziwe kwenye akaunti ya idara, si yako binafsi, ili siku TSC, tume inayoajiri walimu, ikikuhamisha anayekuja azikute. Na kila mwisho wa muhula chapisha nakala moja, uitie kwenye faili la mkuu wa idara.