Anodi sio jina lingine la pozitivu (kwa mnaoingia S5, yaani Senior Five)

Wadogo zangu mliochagua fizikia na kemia, anodi na kathodi, zile ncha mbili ambazo karenti inaingilia na kutokea kwenye chombo, zitawasumbua, bora tuongee mapema. Wengi mnatoka S4 mmekariri anodi ni pozitivu basi, halafu mkifika kwenye betri mnaambiwa anodi ni negativu, mtu anadhani ticha amechanganyikiwa. Ticha yuko sawa. Hilo jina halijawahi kusema chochote kuhusu alama.

Lilitengenezwa 1834. Michael Faraday shule hakusoma sana, alianza kama fundi wa kujalidi vitabu pale London, sasa akahitaji majina mapya ya mambo ya elektrolisisi (kuchanganua vitu kwa umeme) akamwandikia William Whewell wa Cambridge, mtu wa Kigiriki sana (huyu ndiye aliyewapa Waingereza hata neno lao la mwanasayansi). Faraday alikuwa anafikiria eisodi na eksodi, Whewell akamwambia chukua anodi, njia ya kupanda, na kathodi, njia ya kushuka. Kinachopanda na kushuka ni jua! Faraday aliwaza hivi, kama usumaku wa dunia unaletwa na karenti inayoizunguka basi hiyo karenti inatoka mashariki kwenda magharibi vile jua linavyoenda, kwa hiyo ukilaza chombo chako hivyohivyo, karenti inaingilia upande jua linakochomoza na kutokea linakozama.

Basi wewe jiulize tu karenti inaingilia wapi. Ukisafisha shaba, tuseme kama ile ya mgodi wa Kilembe, bamba chafu unalifunga kwenye pozitivu ya saplai, karenti inaingilia hapo, anodi ni pozitivu. Betri ya sola ikiwasha taa usiku, karenti inatoka pozitivu inapita kwenye taa inarudi ndani ya betri kupitia negativu, ndio anodi hiyo. Asubuhi paneli ikianza kuchaji mambo yanageuka. Hata dayodi, kile kifaa kinachopitisha karenti upande mmoja tu, ni hivyohivyo, ule mstari uliochorwa juu yake uko upande wa kathodi, karenti inakotokea.

Ila nasema karenti ya vitabuni jamani, ile ya kutoka pozitivu kwenda negativu, sio elektroni (vile vichembe vyenye chaji negativu), zenyewe zinaenda kinyume. Faraday angezijulia wapi wakati J.J. Thomson kazionyesha 1897?

Ioni (chembe yenye chaji) nayo ni ya barua hizohizo za Faraday na Whewell, maana yake kinachokwenda. Anayoni inakwenda anodi, katayoni kathodi, na oksidesheni (kupoteza elektroni) siku zote iko anodi, betri iwe inachaji au inatumika.