Printa ya ofisi ndogo Luanda: wino wa chupa au leza?

Swali: Habari yako, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu na nafungua ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi hapa Luanda, Vihiga, karibu na steji ya matatu. Shule za karibu zimeniahidi kazi ya mitihani pamoja na makaratasi ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani. Wateja wengine watataka vyeti vya PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), fotokopi za kitambulisho na picha za pasipoti. Nimeonyeshwa mashine tatu. Kijana wangu anapendekeza ndogo ya katriji kwa sababu bei yake ni ya chini kabisa. Duka moja la Kisumu linanisukumia Epson L3250 ya wino wa chupa. Duka jingine lina Kyocera M2040dn ya leza, mpya na iliyotumika, na hiyo itameza karibu pesa zangu zote. Halafu stima kwetu hupotea sana. Nichukue ipi?

Jibu: Mwalimu, chukua ya leza. Kwa kazi uliyonitajia, hiyo ndiyo itakayolipa kodi ya nyumba. Picha za rangi zinaweza kungoja miezi michache.

Ile ndogo ya katriji iondoe kwenye hesabu kabisa, na umweleze kijana hivi. Mashine hizo huuzwa bei ya chini kwa sababu pesa zenyewe zinatafutwa kwenye katriji. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123, kwa mfano, imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Chukua darasa la watoto 40 na mtihani wa kurasa tatu: katriji imeisha, na hujafika darasa la pili. Mashine ya aina hiyo inamfaa mtu wa nyumbani anayechapa barua moja moja, na hata huyo akikaa wiki kadhaa bila kuitumia, wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, akaja kutumia nusu ya katriji kukisafisha.

Mvutano wa kweli uko kati ya Epson na Kyocera, na hapo lazima nikupe haki ya kila upande.

Kwa gharama ya wino peke yake, Epson ni ngumu kushindana nayo. Muuzaji atakwambia hivyo na hadanganyi. Chupa nyeusi ya wino 103, mililita 65, imekadiriwa kurasa 4,500. Tona ya Kyocera TK-1170, yaani unga unaotumiwa na leza badala ya wino, imekadiriwa kurasa 7,200, lakini bei yake ni mara nyingi ya bei ya chupa. Uliza bei za siku hiyo, gawanya kila moja kwa kurasa zake, utapata gharama ya ukurasa mmoja. Fanya hesabu hiyo mwenyewe pale kaunta kabla ya kusikiliza sifa nyingine yoyote.

Idadi hizo pia zisomeke kwa uangalifu. Kipimo cha kimataifa cha tona, ISO/IEC 19752, hutumia ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 hivi ya karatasi, yaani kama barua fupi. Mtihani wa sayansi uliojaa michoro unakula zaidi. Fotokopi ya kitambulisho ndiyo mwizi mkubwa, hasa mfanyakazi akiacha kifuniko wazi: eneo lote linalozunguka kitambulisho hutoka jeusi tii, na tona inakwenda na jeusi hilo. Mfundishe yeyote utakayemwajiri kufunga kifuniko kila mara. Ni jambo dogo lakini mwisho wa mwezi utaliona kwenye tona.

Sasa, kama Epson ni nafuu kwa ukurasa, kwa nini nasema leza? Kwanza ni muda. L3250 hutoa kurasa 10 hivi nyeusi kwa dakika. M2040dn hutoa 40. Tuseme shule imekuletea watoto 200, masomo manne, kurasa nne kila somo. Hizo ni kurasa 3,200. Kyocera inazimaliza kwa saa moja na dakika ishirini. Epson inakaa zaidi ya saa tano ikinguruma, na wakati huo wote mtu wa PIN ya KRA amesimama mlangoni anatazama saa, halafu anavuka barabara kwa jirani yako. Wiki ya mitihani shule zote huja pamoja. Hapo ndipo jina la ofisi hujengwa au kubomoka.

Pili, L3250 haichapi pande mbili yenyewe wala haina kilisho cha juu, kile kinachovuta karatasi za fotokopi chenyewe moja moja. Utageuza karatasi kwa mkono, na ukitoa fotokopi ya faili la kurasa thelathini utainua kifuniko mara thelathini. Kyocera inafanya yote mawili. Ukichapa pande mbili, rimu moja inafanya kazi ya rimu mbili, na karatasi ni gharama kubwa ambayo watu wakilinganisha printa huisahau.

Tatu ni mvua, na sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa mvua. Wino wa chupa za 103 ni wa maji, tone likidondoka kwenye fomu maandishi yanatambaa. Tona ni unga wa plastiki uliyeyushwa kwa joto ukashikana na karatasi. Mzazi akibeba fomu ya basari kwenye bodaboda hadi Mbale, makao ya kaunti, na manyunyu yakamkuta njiani, ya leza itasomeka.

Nne, printa za wino hujisafisha kichwa, na wino wa kusafishia huingia kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Mashine hukadiria sponji imejaa kiasi gani, na ikifika kikomo inakataa kuchapa mpaka fundi aibadilishe na kurudisha hesabu ya mashine kwenye sifuri. Kwa kazi nyingi kama yako siku hiyo hufika mapema kuliko ulivyotarajia. Drumu ya M2040dn, ile silinda inayobeba tona hadi kwenye karatasi, kwa upande mwingine, imekadiriwa kurasa 100,000.

Usome pia herufi za mwisho za jina la mashine, zinakueleza mengi. Herufi d maana yake inachapa pande mbili, n ina soketi ya waya wa mtandao, na w ina Wi-Fi. M2040dn haina w. Hilo lisikutishe: iunganishe na ruta kwa waya, kisha kompyuta na simu zilizo kwenye Wi-Fi ya ruta hiyo zitaiona. Kazi nyingi za wateja zitakujia kwa WhatsApp kwenye kompyuta hata hivyo.

Mpya au iliyotumika? Ikiwa mpya itakuacha bila pesa ya karatasi, tona na kodi ya mwezi wa kwanza, chukua iliyotumika, lakini usilipe kabla ya kuikagua ikiwa imewashwa mbele yako. Ingia kwenye menyu, chapa ukurasa wa hali ya mashine, usome kaunta. Mashine iliyopita kurasa 90,000 inakukabidhi gharama ya drumu, kwa hiyo bei ishuke ipasavyo. Kisha chapa kurasa kadhaa zenye maandishi mengi na usugue moja kwa kidole ikiwa bado ina joto. Tona ikibanduka na kushika kidole, fyuza, ile sehemu ya joto inayoyeyusha tona, imechoka. Tazama pia alama zinazojirudia. Doa likitokea pale pale kila baada ya umbali uleule kushuka karatasi, kuna kitu cha duara ndani kimekwaruzwa, na umbali kati ya doa na doa humwonyesha fundi ni drumu au ni rola ya fyuza. Pima kwa rula na umpigie simu fundi wako ukiwa hapo hapo dukani. Muuzaji akikuharakisha wakati unapima, ondoka.

Mashine mpya nayo huja na tona ya kuanzia ambayo ni pungufu kuliko ya dukani. Tenga pesa ya tona kamili tangu mwanzo. Tona za kujazwa upya zipo na bei yake inavutia, lakini ikivuja, unga husambaa ndani na kuchafua mashine nzima. Mimi kwa mashine ya biashara nasema nunua halisi, kutoka duka linalokupa risiti.

Stima. Hapa ndipo leza ina udhaifu, na nisikufiche. Fyuza hupashwa joto kwa umeme mwingi, ndiyo maana taa hufifia kidogo printa inapoanza kazi. UPS ndogo ya mezani, ile betri ya akiba ya kompyuta, haiwezi mzigo huo. Itapiga kelele na kuzima, au iharibike. Weka kompyuta na ruta kwenye UPS, printa iwe peke yake kwenye soketi ya ukutani yenye kinga ya msukumo wa umeme. Jenereta ndogo pia hutetereka fyuza ikiwaka, kwa hiyo ukinunua moja baadaye, mpe muuzaji wati za printa zilizoandikwa nyuma yake. Mashine ya wino inatumia umeme kidogo sana, inaweza kwenda na betri na inveta ya kawaida. Kama ungeniambia stima kwenu hukosekana siku nzima kila wiki, jibu langu lingegeuka. Lakini ikiwa hupotea kwa saa moja mbili, chapa kazi za shule siku moja kabla ya kuhitajika na utakuwa salama.

Stima ikikatika karatasi ikiwa katikati ya leza, usiivute kwa nguvu. Ngoja fyuza ipoe, fungua mlango wa nyuma, ishike kwa mikono miwili uitoe kwa kuelekea ilikokuwa inaenda. Karatasi iliyochanika ndani ya fyuza imeleta wateja wengi kwenye meza yangu.

Radi nayo ni ya kweli. Ukanda wetu wa magharibi una ngurumo nyingi, na mawingu yakikusanyika alasiri chomoa printa na waya wa mtandao pia. Radi hupita hata huko. Na kama kuna ndugu Marekani anayetaka kukutumia printa ya leza, mwambie akutumie pesa badala yake. Za kule hutumia volti 120, zetu ni 240, na fyuza haitavumilia.

Karatasi iache ndani ya kanga yake mpaka uihitaji, na rimu zisikae sakafuni. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama, na utailaumu mashine bure.

Picha za pasipoti kwa sasa mpeleke mteja kwa mwenye studio aliye karibu mkubaliane mgao. Faida ya muhula wa kwanza ikiingia, rudi Kisumu uchukue ile L3250 kwa ajili ya picha, vyeti vya rangi na kadi. Itakapofika, chapa ukurasa wa rangi angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna mteja, na uizime kwa kitufe chake kabla ya kuzima soketi, ili kichwa kirudi mahali pake pa kufunikwa kisikauke. Stima ikiikata katikati ya kazi, ikirudi iwashe, uiache itulie, kisha uizime kwa kitufe.

Swali moja la mwisho la kumuuliza muuzaji wa Kyocera kabla pesa haijatoka kwenye simu: TK-1170 iko kwenye rafu leo, na drumu ikihitajika inachukua siku ngapi kufika Kisumu? Akisita, nenda duka linalofuata uulize hivyo hivyo.