Fundi Ajibu: Ping inarudi, amri haijibiwi

SWALI: Salaam fundi. Mi ni teknishani wa maabara ya umeme chuo kimoja hapa Dar, tuna osiloskopu na pawa saplai zenye tundu la kebo ya netiweki kwa nyuma. Nataka nisome vipimo nikiwa ofisini juu, nimechoka kupanda na kushuka ngazi. Nikiping (kukibishia hodi kwenye netiweki) inajibu fresh, ila nikituma *IDN? (amri ya kukiambia kifaa kijitambulishe) kwa Python kupitia poti 5025 inakaa weee mwisho taimauti. Kifaa kibovu? Na je naweza kukiendesha nikiwa home?

JIBU: Kifaa kizima ndugu yangu, ping ikirudi ujue waya na anwani viko poa. Shida ni kwamba kwenye soketi (ule muunganisho wa moja kwa moja kupitia poti) kifaa hakijui umemaliza kuongea mpaka kione alama ya mstari mpya, ile \n, so chenyewe kinakusubiri umalizie na wewe unasubiri jibu, mnaviziana hivohivo mpaka muda unakata. Kama ni soketi tupu ya Python tuma b"*IDN?\n". Kama ni PyVISA (maktaba ya Python ya kuongea na vifaa vya vipimo), kwenye kutuma inajiwekea yenyewe, ila kwenye kusoma lazima uiambie read_termination = '\n'. Ikikubali utaletewa kampuni, modeli, namba ya kifaa na toleo la programu yake, vimetenganishwa kwa koma. Ikigoma bado cheki poti, maana sio wote wanatumia 5025, Rigol nyingi ni 5555. Halafu PyVISA inasubiri sekunde 2 tu usipoibadilisha, ukivuta wimbi refu la osiloskopu hazitoshi, weka timeout = 10000, yaani sekunde 10, maana inahesabu kwa milisekunde.

Sasa hiyo ya home. Usije ukafungua poti kwenye rauta, tafadhali sana! Hizi amri za SCPI (lugha ya kuamuru vifaa vya vipimo, hiyo *IDN? ikiwemo) zilitoka 1990, enzi za kebo ya GPIB, ya kuunganisha vifaa vya maabara, isiyozidi mita 20, nani angekuja kukuingilia? Kwa hiyo ile poti kwa kawaida haiulizi pasiwedi, yeyote akiifikia anaandika VOLT 30 (weka volti 30) halafu OUTP ON (washa umeme utoke) na bodi ya mwanafunzi inatoa moshi.

Ingia kwa VPN (njia salama ya kuingia netiweki ya chuo ukiwa nje) mpaka kwenye kompyuta ya maabara, na skripti iendeshe hukohuko, sio kwenye laptop yako. Watu wengi hapa ndo wanajisahau: intaneti ya nyumbani ikikatika, pawa saplai haijizimi, inaendelea kumwaga umeme vilevile ilivyoachwa na ile OUTP OFF yako ya mwisho haifiki. Skripti ikiwa jirani na kifaa inamaliza kazi na kuzima hata kama we huku umekatiwa. Na kabla hujatoka maabara weka limiti ya karenti na ya volti kwa mkono wako palepale kwenye kifaa, af bandika karatasi kwamba kinaendeshwa kwa mbali, asije mtu akashika nyaya akidhani kimelala.